Bango Alilolichora Rula

Kinyozi alikufa mchana kweupe, ndani ya kibanda chake mwenyewe, mteja akiwa amekaa kitini na kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja. "Nakuja sasa hivi," alimwambia mteja, akazima mashine, akapita nyuma ya pazia. Mteja akasubiri. Akajitazama kwenye kioo, akapiga mluzi, akasoma kalenda ya mwaka uliopita, akaita, akaita tena kwa hasira, mwisho akanyanyuka mwenyewe kwenda kufunua pazia. Alimkuta kinyozi amekaa juu ya kreti la soda, kidevu kifuani, midomo imekuwa myeusi, na karibu na mguu wake kipande cha karatasi ya bluu kilichokunjuliwa.

Kwa kuwa mama yake kinyozi ni mtu wa heshima zake, hadi jua linazama mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kwamba ni presha. Watu walisema presha msibani, wakasema presha dukani, kisha kila mtu akarudi kwake, akafunga mlango na kusema lile alilolijua.

Wa kwanza kulijua alikuwa fundi cherehani wa nyumba inayotazamana na kibanda. Yule mteja alikimbilia kwake, nusu ya kichwa inang'aa, nusu nywele zimesimama, akaomba maji ya kunywa, akajimwagia usoni yote, akayasema mambo bila kuulizwa. Fundi alimsikiliza mguu ukiwa bado juu ya pedeli. Kola nyeupe za sare za shule zilikuwa zimelundikana mapajani pake, na kwa kawaida hakuwa mtu wa kuacha kazi kwa sababu ya umbea. Lakini aliposikia neno unga, aliuondoa mguu kwenye pedeli, kwa maana ndani ya nyumba yake alikuwa naye wa kwake.

Wa kwake alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, waliyemwita Rula. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake wa mabango, kwa sababu aliweza kuandika herufi kubwa kuliko mlango, zote zimenyooka, bila kupiga mstari hata mmoja wa kumwongoza. Hiyo ilikuwa zamani. Unga ulipomkamata, zilikwenda brashi zake, yakafuata masufuria ya Mama, ikafuata baiskeli ya marehemu baba, na siku moja ikaenda mota ya cherehani, ndiyo maana dada yake mpaka leo anakanyaga kwa mguu. Sasa ilikuwa imepita miezi kadhaa Rula anakwenda kliniki kila asubuhi kunywa dawa ya kuacha unga dirishani. Mashavu yalikuwa yamerudi. Alikuwa ameanza hata kulalamika kwamba chai haina sukari, na kwa Mama hiyo ilikuwa dalili ya afya.

Lakini nyumba ilikuwa haijamwamini. Mkasi ulikuwa umefungwa kamba kwenye mguu wa cherehani. Pasi ililala chini ya kitanda cha Mama. Wateja wa kike, Rula akiingia tu, waliinua mikoba yao sakafuni na kuipakata huku wakimchekea na kumuuliza habari za siku nyingi. Rula aliona yote, akaitikia salamu zote.

Siku hiyo alirudi kutoka kliniki akakuta umati kwa kinyozi. Aliingia ndani bila kuvua viatu.

"Amefanyaje?"

"Amekufa," dada yake akasema. "Na usije ukaniambia presha. Ni unga."

Rula alisimama katikati ya chumba. Alijikuna kiwiko, akajikuna shingo. Kisha akauliza, "Alichukua wapi?"

Dada yake alilisikia swali lile kwa furaha, na hapo ndipo alipokosea mara ya kwanza. Alidhani ni woga. Alidhani hatimaye kifo kimempitia karibu, kimemtia akili ambayo matusi na machozi vilishindwa kumtia. Akamjibu kama mtu anayemwonyesha mtoto shimo la choo.

"Nyuma ya machinjio. Mteja wake kanieleza. Kete za kule zimefungwa karatasi ya bluu. Unanisikia? Bluu. Kuanzia leo njia ile usipite kabisa."

"Ya bluu," Rula akasema.

"Eeh, bluu."

Alikunywa chai amesimama. Akatoka mlangoni akaenda dirishani, akarudi mlangoni, akashika kitasa, akakiachia. Mama, aliyekuwa kwenye mkeka anakunja sare zilizokwisha, alimfuata kwa macho kila alikokwenda. Rula alipotoka uani, Mama akaweka sketi chini.

"Mimi nimeuliza atazikwa lini," akasema. "Yeye anauliza alichukua wapi."

"Mama, mwache. Anaogopa."

"Haya," Mama akasema, akaendelea kukunja.

Fundi alikuwa mtu wa kutaka jambo lifanyike. Nguo ikichanika huiachi, unashona. Ndivyo alivyoyaona hata mambo ya watu. Matanga hayajaisha, akawa ameshafika kibarazani kwa mwenyekiti wa mtaa, na wajumbe wamekaa, na yeye amesimama mbele yao na tepu yake ya kupimia shingoni.

"Tuweke bango pale kwenye bomba la maji," akasema. "Kila mtu anapita pale. Tuandike wazi, ni unga gani, unauzwa wapi, ili vijana waukimbie."

"Mtaa utachafuka jina," mwenyekiti akasema.

"Jina! Tumeshazika mtu, mwenyekiti. Unataka tuzike wangapi ndiyo tuone jina halitusaidii?"

Wajumbe walitazamana. Mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akakohoa. "Sawa, fundi. Na nani atakayelichora?"

"Mdogo wangu."

Kicheko kilitoka kabla hakijazuiwa. Mwenye duka akafunika mdomo kwa kofia. "Rula? Si tutampa rangi asubuhi, mchana tunaikuta sokoni?"

Fundi alihisi uso unamuwaka. Angeweza kuwakumbusha ni nani aliyeandika jina la duka lile, kwa herufi ambazo mpaka leo hazijapauka, lakini alijikaza. "Rangi itakaa chumbani kwangu," akasema. "Brashi nitampa kwa mkono wangu na kuzipokea kwa mkono wangu. Zikipotea, nidaini mimi."

Walikubali shingo upande. Mwenyekiti alimpa bati lililobaki kwenye paa la ofisi, mwenye duka akatoa makopo ya rangi yaliyokwishafunguliwa, na mama yake kinyozi, aliyesikia habari hiyo kutoka kwa watu, aliwaacha waendelee. Fundi alirudi nyumbani anatembea kwa haraka. Kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi alikuwa na kitu cha kumpelekea mdogo wake ambacho hakikuwa maneno.

Rula aliliegemeza bati kwenye ukuta wa uani, akalisugua kwa msasa, akalipaka nyeupe, akalisubiri likauke. Hakukaa wakati linakauka. Alizunguka uani, akaokota vijiti, akavivunja, akaja kuligusa kwa kidole kabla ya wakati, akafuta doa la kidole chake, akazunguka tena. Dada yake alileta karatasi aliyoandika maneno yake. Rula aliyasoma akamrudishia.

"Dada, andika TAHADHARI. Andika UNGA UNAUA. Weka na kliniki ilipo. Hapo inatosha. Bluu itoe. Machinjio yatoe."

"Nikitoa hayo kinabaki nini? Kwamba unga unaua nani hajui? Hata anayeutumia anajua. Tunataka wajue ni upi na uko wapi, wauepuke."

"Hawatauepuka."

"Kwa nini wasiuepuke?"

Rula aliweka brashi juu ya kopo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mambo yale hakuwahi kumweleza mtu wa nyumbani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini ila wakati wa kumfokea.

"Nilipoanza," akasema, "kete moja ilinitosha siku nzima. Nilikuwa nasikia kama mtu kanifunika blanketi. Baadaye hiyo hiyo ikawa ya kuniwezesha kusimama tu, nioge, nivae. Blanketi sikuliona tena. Ukifika hapo huli kwa raha, unakula usiumwe. Na wauzaji wanajua. Wanasaga vidonge vya kichwa, wanasaga chokaa, wanachanganya. Unahangaika kutwa nzima, unaiba, unapigwa, unatukanwa na watoto, mwisho unakwenda kununua chokaa. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie kuna mahali kuna kitu kimemlaza mtu palepale. Unadhani anasikia nini?"

"Anasikia kifo."

"Anasikia kwamba hicho si chokaa. Anasikia lile blanketi."

"Na kufa?"

"Kufa ni kwa yule asiyejua kupima. Kila mmoja anajiona anajua. Kinyozi alizidisha, mimi nitaweka nusu. Ndivyo tunavyosema. Na kinyozi naye aliweka nusu."

"Tunavyosema?"

"Wanavyosema," Rula akajisahihisha, akatazama pembeni. "Hata wewe, Dada. Nilikuuliza alichukua wapi, ukanijibu mpaka rangi ya karatasi. Tangu siku hiyo napita na hiyo bluu kichwani. Nanawa uso naiona. Siku nyingine nikikuuliza swali kama lile, usinijibu."

Kama fundi angekaa chini wakati ule, akamwomba arudie, huenda mambo yangekwenda vingine. Lakini alikuwa ameshapigana na wajumbe kwa ajili ya bango, na alichokisikia ni lawama tu.

"Kwa hiyo kosa ni langu! Nilitakiwa ninyamaze mpaka nawe nikukute juu ya kreti?"

"Sijasema kosa lako."

"Au unawaficha wenzako? Hutaki wauzaji wao wajulikane?"

Rula alimtazama dada yake. Kisha akachukua brashi na kuanza kazi.

Ubaya wa Rula ni kwamba kazi ya ovyo haijui. Mkono uliotetemeka kushika kikombe cha chai ulitulia ulipogusa bati. Alianza na herufi nyekundu za TAHADHARI, zimesimama imara, akazitia ukingo mweusi. Akaandika KETE ZA KARATASI YA BLUU ZINAUA. Akaandika ZINAUZWA NYUMA YA MACHINJIO, MSIENDE. Na kwa kuwa dada yake alitaka hata asiyejua kusoma aelewe, akachora kete yenyewe, kubwa kama mto wa kulalia, na mikunjo yake, na kivuli chake, bluu iliyokolea mpaka mtu akatamani kuishika. Mama alitoka kuiangalia akasimama muda mrefu.

"Umeipendezesha mno," akasema.

"Ndivyo ilivyo, Mama," Rula akajibu.

Bango liliposimamishwa, Rula alipata sifa ambazo alikuwa amezisahau. Watu waliochota maji walimwita fundi wa mabango. Mwenye duka alimpa mkono mbele za watu, akasema bwana, nilikuwa natania tu siku ile. Mwenyekiti alipitisha mgeni wake pale makusudi. Fundi cherehani alikuwa anakanyaga pedeli na kulitazama bango kupitia mlangoni, na moyo wake ulikuwa mweupe. Alifungua hata kamba ya mkasi.

Hakushangaa kuona sura ngeni. Bomba ni la watu wote. Wa kwanza walikuja wawili wawili, wakasimama mbele ya bango wamekunja mikono, wakasoma, wakazungumza chini chini, wakaondoka. Fundi akasema, waone wenyewe. Baadaye wakaja kutoka mbali, miguu ina vumbi la barabara nyingine. Mama ndiye aliyesema, "Hawa hawana ndoo." Fundi akamjibu kwamba mtu kusoma bango hahitaji ndoo.

Nyumbani Rula alikuwa hatulii. Alikuwa anakula kijiko kimoja, anaweka. Anakaa, ananyanyuka kana kwamba kuna mtu kamwita. Dada yake alipomuuliza asubuhi kama amekwenda kliniki, alisema amekwenda, na dada yake, kwa kuwa alikuwa ameamua kumwamini, hakuuliza mara ya pili.

Kisha akaja mlinzi mmoja. Hakuwa na sura ya teja hata kidogo. Alikuwa kijana wa shati la kazi lililopigwa pasi, nembo ya kampuni begani, kiatu kimeng'arishwa. Alisimama mlangoni kwa adabu, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," fundi akaitikia, pini zimejaa mdomoni.

"Samahani, mama. Hapo machinjioni mtu anapitia wapi?"

Fundi alimwelekeza kwa mkono wenye tepu. Alikuwa na utani wake ambao humwambia kila anayeuliza, akamwambia na huyu. "Nyoosha mpaka kwenye bomba, kata kushoto. Ukianza kuziba pua, umefika."

Mlinzi alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu aliyelelewa. "Asante sana, mama. Mungu akuzidishie."

"Amina, mwanangu."

Alirudi kwenye kola yake. Aliunganisha upande mmoja, akageuza, akainua macho kuvuta uzi, akamwona mlinzi amesimama mbele ya bango. Alikuwa ananyoosha kidole kuigusa ile kete ya kuchora, kama mtu anayehakikisha namba ya nyumba. Halafu akakata kushoto, na hakuwa anatembea tena, alikuwa karibu kukimbia.

Fundi alishona kola nyingine mbili kabla hajaelewa alichokiona, ndipo akazitema pini zote sakafuni.

"Rula!" akaita. "Rula! Njoo na rangi nyeupe, tulifute!"

Mama akaja kutoka chumbani amejishika ukuta. "Hayupo. Amesema anakwenda kuangalia kama bango limekauka."

Bango lilikuwa limekauka zamani. Walitazamana mama na binti yake. Fundi alitoka mbio peku, uzi unamfuata kwenye gauni.

Machinjioni kazi ya asubuhi ilikuwa imekwisha. Wachinjaji walikuwa wanaosha sakafu kwa mpira wa maji, buti zinachapa, damu iliyochanganyika na maji inakimbilia mfereji. Fundi alipita katikati yao bila salamu. Nyuma ya ukuta, kwenye kivuli chembamba ambapo pembe na kwato hutupwa, alimwona Rula amepiga magoti.

Alikuwa hai. Hilo ndilo fundi aliloliona kwanza, na furaha iliyompata ilikuwa kubwa mpaka baadaye aliionea haya, kwa sababu Rula alikuwa amepiga magoti juu ya mtu. Yule mlinzi alikuwa amelala chali, shati lake safi limefunguliwa, midomo imekuwa ya rangi ile ile aliyoisimulia mteja wa kinyozi.

"Shika kichwa, Dada! Kivute nyuma, hivyo hivyo!"

Alikishika. Rula aliziba pua ya mlinzi, akampulizia mdomoni, akainuka kuvuta pumzi, akapuliza tena, kama walivyofundishwa kliniki. Kifua kilipanda, kikashuka, hakikupanda chenyewe. Mchinjaji mmoja mzee alikuja na mpira mkononi, maji yanamwagika pembeni, akasahau kuyafunga. Rula alipuliza mpaka jasho lilimdondokea mlinzi usoni. Alipuliza hata baada ya fundi kuhisi kichwa kile kimekuwa kizito namna nyingine mikononi mwake.

"Huyo amekwenda, kijana," mchinjaji akasema, akamwekea Rula mkono begani. "Mwache apumzike."

Rula alikaa chini. "Nilimwambia asitumie yote," akasema. "Akasema ataweka nusu."

Fundi aliona kifungo kimoja cha shati la marehemu kinaning'inia kwa uzi mmoja. Huenda mama yake au mkewe alimwambia asubuhi, lete nikikaze, naye akasema nitachelewa kazini. "Nimemwelekeza mimi," akamwambia mchinjaji. "Amekuja mlangoni kwangu kwa adabu zake, nikamwelekeza, nikamtania."

Mchinjaji hakuelewa. Alimwita mwenzake alete gunia safi la kumfunikia, na mwingine apige simu polisi. Wote waligeuka kutazama ukutani kulikokuwa na magunia. Fundi peke yake hakugeuka. Aliona mkono wa Rula ukishuka pembeni ya goti la marehemu, ukagusa ardhi na kujifumba. Kabla haujajifumba aliona bluu.

"Fungua mkono," akasema.

"Siwezi."

"Rula. Fungua mkono. Mtu amekufa mbele yako, sasa hivi, bado ana joto!"

"Nimemwona." Sauti ya Rula ilikuwa ya chini, na meno yalikuwa yanagongana ingawa jua lilikuwa kali. "Nimempulizia mimi. Nimemwona anavyoondoka, Dada, nimeona kila kitu, na naitaka vilevile. Naitaka zaidi ya nilivyokuwa naitaka asubuhi. Unaelewa? Nilipofika hapa nilikuwa najiambia naangalia tu. Sasa nimehakikisha ni ya kweli."

Fundi aliinua mkono ampige. Alikuwa amempiga mara nyingi maishani, kwa kandambili, kwa ufagio, kwa chochote. Mkono ulibaki juu.

"Ukininyang'anya," Rula akaendelea, "nitakuchukia, halafu nitarudi kuchukua nyingine, na mahali napajua. Usininyang'anye. Nishike huu mwingine, twende dirishani kabla hawajafunga. Sijaenda leo. Jana pia sikwenda."

"Uliniambia ulikwenda."

"Nilikudanganya. Twende, Dada. Nikikaa hapa sitaondoka."

Alimshika. Alimwambia mchinjaji kwamba atarudi, kwamba polisi wakija wamngoje, ana la kuwaeleza. Kisha akamvuta mdogo wake kwenye njia, mkono wa kushoto wa Rula ndani ya mkono wake, mkono wa kulia umefumba ngumi kifuani.

Walipofika kwenye bomba, watu wawili walikuwa wamesimama wanasoma bango.

"Uongo huo!" fundi akapiga kelele. "Hakuna kitu kule! Rudini kwenu!"

Mmoja alimtazama miguu yake mitupu, akatazama ngumi ya Rula, akatabasamu kidogo, akamgusa mwenzake kiwiko. Wakakata kushoto. Fundi alitaka kuwakimbilia. Alitaka kuling'oa lile bati kwa kucha. Lakini alikuwa na mikono miwili tu, na yote alikuwa ameitia kwenye mkono mmoja wa mdogo wake.

"Usisimame," Rula akasema. "Niongeleshe. Chochote."

Akamwongelesha. Alimweleza habari za kola, kwamba kitambaa cha safari hii ni kibaya, kinachanika kwenye pini. Kwamba mwalimu mkuu anataka mifuko miwili na wazazi wanataka mmoja. Kwamba Mama ameanza kukunja sketi kwa ndani na kuficha mkunjo. Maneno yalimtoka bila mpangilio. Mara tatu nne Rula alisimama, mwili wote unageukia nyuma, na kila mara fundi hakumkokota, alisimama naye akaendelea kusema mpaka miguu ikakubali tena. Watu waliwatazama. Mwanamke mmoja waliyempita alihamishia mkoba wake bega la mbali.

Dirishani foleni ilikuwa imekwisha na muuguzi alikuwa ameshavua koti lake jeupe. Alimtazama Rula, akalivaa tena.

"Jana hukuja."

"Sikuja, sista."

"Umetumia kitu?"

"Bado."

"Bado?" Muuguzi aliona ngumi. Hakuuliza zaidi. Alipima dawa, akaimimina kwenye kikombe kidogo, akakisukuma kwenye uwazi wa dirisha.

Rula hakukichukua. Mkono mmoja ulikuwa umeshikwa, mwingine umefumba. Fundi akanyoosha mkono wake kukichukua kikombe amnyweshe, kama alivyomnywesha uji utotoni, Mama alipokuwa kazini na yeye mwenyewe bado msichana mdogo.

"Hapana, dada yangu," muuguzi akasema. "Hapa kila mtu anakunywa kwa mkono wake. Ndiyo sheria yetu."

"Sista, nikimwachia atakimbia."

"Inawezekana," muuguzi akasema.

Fundi aliutazama ule mkono aliokuwa ameushika. Ulikuwa na rangi nyekundu kidogo ya bango, imebaki kwenye ukucha. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku yoyote. Kidole kimoja kimoja, akauachia.

Rula alisimama. Hakukuwa na kitu kinachomzuia. Geti lilikuwa wazi nyuma yake na njia alikuwa anaijua. Alimeza mate. Akainua mkono ule mtupu, akachukua kikombe, akanywa, akafungua kinywa muuguzi aone, akataja jina lake kama sheria inavyotaka. Kisha akaiweka ngumi juu ya ubao wa dirisha. Ilikaa pale imefumba kwa muda. Alipoifungua, kete ilikuwa imelowa jasho na bluu imemchafua kiganja.

"Itupe," akamwambia muuguzi. Alikuwa ameshageuza uso. "Lakini nikishaondoka. Na kesho nikija nikakuuliza uliitupa wapi, nitakubembeleza, nitakutukana, usiniambie."

"Sitakuambia."

Akamgeukia dada yake. "Na wewe, Dada. Usiangalie anaiweka wapi."

Fundi akafumba macho, palepale dirishani, mchana kweupe, na akayafumba mpaka aliposikia droo imefungwa.